Nani Kachukua Viatu vya Mtupa Tufe

Haya, wanangu wa ndoo na mopu, bibi yenu anasema. Kuandika sijui, mnajua wote. Mie nasema, Wanjiru anaandika, na Wanjiru ni mtu wa Nakuru, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande kama kofia ya mlevi, si langu, ni lake. Usicheke, Wanjiru. Andika.

Mmeniambia niwaachie maneno ya kazi kabla sijaanza kusahau majina yenu. Kuna mmoja, simtaji, kaniuliza nilipandaje cheo. Sikupanda. Miaka yote hiyo nilichopanda ni lifti, na hiyo ikiwa nzima. Mshahara nao hauna hadithi, ulikuja Alhamisi ukaondoka Ijumaa. La maana nililojifunza ni kwamba kazi ya usafi ni kazi ya kushuku. Atakayewaambia ni kazi ya sabuni, huyo hajawahi kusafisha chumba cha mtu.

Sydney nilikuja kumfuata binti yangu Mwajuma, nesi, nikae pale Rooty Hill nimlelee watoto. Watoto wenyewe nikiwasemesha wananijibu kizungu, "Yeah, Bibi," macho kwenye simu. Nikaona hapa nitageuka kabati. Nikatafuta kazi, nikaipata Smithfield, kiwanda cha kufungasha majani ya saladi. Baridi yake, mwanangu, unashika jani hujui ni jani au ni kidole chako. Supavaiza alikuwa bwana mmoja mwenye sauti ya mbuzi aliyeunguzwa na chai: "Fasta, ladies, fastaaa!" Siku moja nikamwiga nyuma ya makreti, wanawake wote wakakimbilia mashine. Wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa akinikonyeza. Nikageuka. Bwana alikuwa nyuma yangu. Ndio mwisho wa Smithfield.

Ndipo nikaja hapa hosteli ya wanafunzi. Siku ya kwanza meneja wetu Bwana Greg, bado hajawa na hicho kitambi, kaniuliza jina. Nikamwambia Kidawa. "Kida-what?" Nikarudia. Akatazama dari kama jina limeandikwa huko. Kesho yake akanipa kibandiko cha kifuani kimeandikwa Keti. Kazi ya kusimama tangu asubuhi mpaka jioni, na mie wananiita Keti! Nikakivaa hivyo hivyo. Baadaye nikaja kugundua kuwa kibandiko kile ni mali. Mtu akishasoma Keti, hafungi mdomo mbele yako. Anasema lugha yake yote, na wewe unasugua sinki.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Salwa, Mlebanoni wa Bankstown, mfupi, mpana, magoti yakilia kama mlango wa ghala. Alikuwa na ufunguo wa vyumba vyote shingoni kama hirizi. Kubisha hodi alikuwa anabisha kwa ufunguo, si kwa ngumi. "Ngumi ya polisi, habibti. Ufunguo ya kazi." Mopu yenye maji mengi alikuwa anaiita mopu ya mvivu. Na kila tukianza korido mpya ananishika kidevu ananiinamisha: "Macho chini! Viatu kwanza! Uso ya mtu inadanganya. Kiatu haijui kudanganya."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Mpaka siku moja ghorofa ya tatu, chumba cha mwanafunzi mmoja, viatu vyake mlangoni nikavikuta vimeelekea vilevile kama jana na juzi, na vumbi limeanza kukaa juu. Kibao cha "usinisumbue" kiko mlangoni. Bwana Greg akasema, "No wariz, Keti, usijali, kijana anasoma." Nikasema moyoni, anasoma bila kwenda hata chooni? Maana enzi hizo vyoo vilikuwa nje, mwisho wa korido. Nikabisha kwa ufunguo, nikafungua. Kijana yuko kitandani, homa imempika, midomo imepasuka. Gari la wagonjwa likaja. Alipopona aliniletea chokoleti. Nikaichunguza kwanza kama imefunguliwa. Msicheke, ndiyo kazi.

Basi sasa niwape kisa mnachokitaka, kile cha timu ya visiwani.

Ilikuwa likizo ya wanafunzi, na mjini kulikuwa na mashindano makubwa ya nchi na nchi, mbio, kuogelea, kutupa vyuma, kila kitu. Nchi zenye nguvu zililala mahoteli. Nchi ndogo ndogo zikaletwa kwetu. Hiyo timu ninayoisema ilitoka visiwa fulani, sivitaji, ukivitafuta kwenye ramani utadhani nzi kapita. Lugha yao na yetu ni mtu na binamu yake, wakisema naelewa yote isipokuwa matusi, na matusi nayo nikapata kuyaelewa kwa muktadha. Mie nikanyamaza. Mie si ni Keti?

Walikuwa wanamichezo wawili na viongozi saba. Wanamichezo wawili! Kulikuwa na kiongozi wa msafara, na msaidizi wa kiongozi wa msafara, na mtu wa kumbebea mkoba msaidizi. Mmoja aliandikwa ni mtaalamu wa chakula, na kweli, alikuwa anakula kitaalamu. Kiongozi mwenyewe alikuwa anaitwa Mheshimiwa tu. Mtu wa makamo, kichwa kinang'aa kama sahani ya harusi, sauti ya kwenye kipaza sauti hata akiomba chumvi: "Kwa niaba ya ujumbe wangu, naomba... chumvi." Mkewe Bi Zuhura alikuwa ndiye daktari wa timu, ingawa dawa niliyomwona nayo ilikuwa ya kupaka kucha. Sauti yake inapitia puani, inavuta, na mumewe hata chumbani anamwita cheo: "Mheshimiwaaa, soksi zako ziko wapiii?"

Wanamichezo, mmoja kijana wa kuogelea, katolewa siku ya kwanza, baada ya hapo akawa analala tu. Wa pili ndiye Raya. Msichana mrefu, mpana mabega, mikono kama ya kubeba mlango, na aibu ya mwari. Anatupa tufe. Akipita korido anajikunja ili asikuzibe njia, na njia yote ni yake. Na miguu! Mie nimeona viatu vingi, lakini vya Raya nilipovikuta mara ya kwanza mlangoni nikadhani chumba wamempa mwanamume, nikataka kumwita Bwana Greg. Viatu vyenyewe vya kutupia, bluu, nyayo laini kama kigae, havina kamba, vina mkanda wa kubandika. Kocha wake, bwana mwembamba mwenye wasiwasi, anasema haraka haraka kama anayefukuzwa na mvua, alikuwa anamwambia: "Raya, hivyo usivivae nje, Raya, nyayo zitaharibika, Raya mwanangu nakuomba." Raya anaitikia ndiyo, Kocha. Kisha anavivaa. Ndiyo pea pekee iliyowahi kumtosha, iliagizwa kutoka mbali, na alikuwa anaitembeza kama bibi harusi na pete.

Ijumaa, zamu yake ya kutupa ikiwa kesho yake mchana, timu zile za Waislamu zikasali kwenye chumba cha chini, kile kilichokuwa cha pasi. Mnakijua. Mlangoni pana rafu ya viatu, na kando yake milango miwili ya vyoo, wa wanaume na wa wanawake. Rafu ilijaa. Raya akaviweka vyake ukutani, katikati ya ile milango miwili, akatia udhu, akaingia kusali nyuma ya pazia.

Sala ikaisha. Raya akatoka. Viatu hakuna.

Sasa kwetu sisi watu wa pwani, mtu akipotelewa na viatu msikitini haondoki. Anakaa pale pale mpaka wa mwisho atoke. Pea itakayobaki ndiyo ya aliyekosea, na hapo utamjua. Kocha akaketi mbele ya rafu, macho yamemtoka. Mmoja akavaa, akaondoka. Wa pili akavaa. Mpaka wa mwisho. Rafu ikabaki tupu! Hakuna pea ya ziada. Kocha akaruka. "Hakukosea mtu! Angekosea angeacha vyake! Huyu kavaa vyake na kachukua vya Raya! Ni mwizi, ni mwizi!"

Mheshimiwa akatokea na kanzu yake ya Ijumaa. "Kwa niaba ya ujumbe wangu, nani kafanya hivi?" Akanitazama mie na mopu yangu, akamtazama Wanjiru na kigari, akasema kwa lugha yao, kwa sauti kamili, "Ni hawa. Hawa wanawake wa usafi. Hasa hilo zee lenye macho ya kunguru."

Nikamwambia, "No wariz, sa."

Kisha akamuuliza Raya, viatu vyenyewe vikoje. Raya akatazama chini, akasema polepole, bluu, vikubwa, vya mkanda, nilivikalisha hapa ukutani. Mie nilikuwa namtazama Mheshimiwa kwa sababu nilikuwa namchukia. Nikaona kanyamaza. Yule mtu, ambaye hata akikohoa anashukuru wajumbe, kanyamaza. Kisha akapaza zaidi: "Ngojeni! Nitakwenda mwenyewe kutazama chooni!" Akaingia choo cha wanaume, akajifungia, akakaa, akatoka. "Hamna!"

Nikashuku. Mtu anayetuma mtu amletee maji ya kunywa, leo anakagua choo mwenyewe? Nikasema huyu anavuta sigara kwa siri, mkewe hajui. Baadaye nikamwona anapanda ngazi, mkono mmoja kaubana tumboni, na tumbo la kanzu limeongezeka. Nikasema, kumbe si sigara, ni mikate ya jikoni. Mnaona? Kushuku nilishuku. Nilishuku vibaya tu.

Bwana Greg akaja na uso wa kusikitika. "Keti, Wanjiru, sori, ni utaratibu tu." Mikoba ikafunguliwa. Wanjiru akatoa vitu vyake kimoja kimoja, hata chapati zake za mchana, akivigonga mezani, na anasema kwa Kikenya, "Aki Shosh, huyu mzee ananiona fala. Viatu saizi ya mtumbwi nitaviweka wapi, kwa chapo?" Shosh ndiye mie, bibi. Kwenye mkoba wangu wakakuta ndizi mbili. Zilikuwa zangu. Andika, Wanjiru: zilikuwa zangu.

Kocha akazunguka Bankstown madukani mpaka jioni, akarudi na viatu vya mtu wa kukata nyasi. Raya akaviingiza nusu. Kocha akalia. Simaanishi alilalamika, alilia kwa machozi. Akamwambia, kwenye ule mduara wa saruji, ukiwa na nyayo za meno unakwama, unavunjika goti. Raya akamwambia nitatupa miguu mitupu, kama nilivyoanza nyumbani. Kocha akasema saruji ya hapa itakuchuna nyayo, hutazunguka.

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye chai, nilikuwa nafuta meza ya pili. Mheshimiwa akasimama. "Kwa heshima ya taifa, tutasema Raya anaumwa tumbo. Tutaondoa jina. Ni bora mgonjwa kuliko kichekesho." Kocha akasema, "Mheshimiwa, ngojea mpaka saa sita angalau, pengine vitaonekana." Akajibiwa, "Havitaonekana."

Hilo neno nikaliokota pamoja na makombo. Mwizi wako humjui, viatu huvijui viko wapi, umejuaje havitaonekana?

Raya alikuwa anaendelea kula mkate wake. Na hapo nikamshuku na yeye. Nikasema, huyu mtoto kaogopa uwanja, kavificha mwenyewe. Alipopanda chumbani nikamfuata na kigari changu, nikafunga mlango, nikamwambia kwa Kiswahili cha Tanga, kavu kavu, "Wee Raya, viatu umeviweka wapi?"

Alishtuka mpaka akaketi kitandani, kitanda kikalia. "Kumbe Bibi unasema!"

"Nasema, nasikia, na naona. Toa viatu. Uwanja haumli mtu."

"Sikuvificha mimi, Bibi." Akatazama mlango. "Nilimwona aliyevivaa."

"Nani?"

Akaufunika uso kwa ile mikono yake mikubwa. Akasema, alikuwa anatoka kutia udhu upande wa wanawake, akamwona Mheshimiwa anafika mbio mbio, khutba imeshaanza. Akavua makubadhi yake rafuni, akaona ile pea kubwa imekaa peke yake kwenye mlango wa choo, akachomeka miguu, akaingia nayo.

Wanangu, mie nikaelewa hapo hapo, nikaketi na mie. Wanjiru hataelewa, nimwelezee. Kwetu, nyumba yoyote, msikiti wowote, mlangoni mwa choo pana pea moja ya watu wote. Kandambili kubwa, mbovu, haina mwenyewe. Unaivaa, unaingia, unatia udhu, unaiacha. Huulizi ni ya nani. Mzee wa watu kaona pea kubwa mlangoni mwa choo, na miaka yote ya maisha yake mguu wake umejua pea hiyo ni ya nini. Kavitilia udhu viatu vya taifa! Kaviacha humo ndani vinaogelea, kaenda kusali na moyo safi.

"Sasa mbona husemi?"

"Nitasemaje, Bibi? Nisimame mbele ya watu wa nchi zote, niseme Mheshimiwa kaingia chooni na viatu vyangu? Mzee wa makamo ya baba yangu?" Akakunja ncha ya shuka. "Baba hakutaka nije. Alisema msichana hatupi chuma. Mheshimiwa alikuja nyumbani, akaketi mkekani, akambembeleza baba siku nzima. Asingekuja yeye, ningekuwa nachambua karafuu. Nilidhani atakumbuka mwenyewe, atavirudisha. Nimengoja."

"Na kama hakurudisha?"

"Nitaumwa tumbo," akasema. 

Akaniapisha nisimfedheheshe Mheshimiwa. Nikaapa. Lakini sikuapa kuwa sitavitafuta. Nilikuwa na hofu moja, asije akavitupa kwenye pipa, maana pipa la Jumamosi gari lake linakuja mapema. Nikaenda kuyatazama mapipa kwanza. Hamna. Nikapanda ghorofa ya pili na kigari, polepole, nafuta vitasa vya milango ambavyo nilishavifuta. Bi Zuhura nilimwacha chini kwenye chai. Nikafika mlango wao, nikasikia: vuuuuuuu.

Mashine ya kukaushia nywele.

Nikasimama. Mwenye nywele yuko chini anapaka mkate jemu. Aliye ndani kichwa chake ni sahani ya harusi. Anakausha nini?

Ufunguo ninao shingoni, aliniachia Mama Salwa. Lakini kumfungulia mwanamume chumbani mwake sifanyi, na ningefungua, ningekuwa nimemvua nguo. Nikaangalia korido huku. Nikaangalia kule. Nikabisha kwa ufunguo, nikaziba pua kidogo, nikavuta:

"Mheshimiwaaa! Vimekaukaaa?"

Vuuu ikazima. Kisha ile sauti ya kipaza sauti, lakini imeshushwa, kama mtu anayehutubia chini ya blanketi: "Kimoja tayari! Cha kushoto kimekunywa maji kama sifongo. Na wewe usipayuke, Zuhura, asije akapita lile zee lenye macho ya kunguru!"

Nikauma khanga yangu nisicheke. Na hapo nikahisi mtu anapumua nyuma ya shingo yangu.

Smithfield tena! Nikageuka. Bi Zuhura, na kisahani cha mkate mkononi.

Akanitazama. Akasoma kibandiko changu. Akanitazama tena. Akasema kwa kunong'ona, "Sauti yangu inavuta hivyo?"

Nikaona nimekwisha, kudanganya hakusaidii. "Inavuta zaidi, Bi mkubwa. Nimekupunguzia."

"Unajua lugha."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mliposhuka kwenye basi."

Nikaona macho yake yanarudi nyuma, anahesabu yote aliyoyasema mbele yangu kuhusu wifi yake, na kuhusu mke wa msaidizi, na kuhusu meno ya Kocha. Uso ukabadilika rangi. Kisha akatazama mlango. "Ana nini humo ndani?"

Nilikuwa nimeapa. Nikamwambia, "Mie sijui kitu. Lakini ungekuwa mie, ungeuliza mtu asiye na nywele anakausha nini. Na Raya anatakiwa uwanjani mchana."

Mwanamke yule alikuwa si mjinga, mjinga nilikuwa mie niliyemdhania kucha tu. Akasimama pale, nikaona mambo yanajipanga kichwani mwake: choo, kanzu, viatu. Akafumba macho. "Ya Rabi. Kavitilia udhu." Mabega yakaanza kutikisika, kisahani kikatikisika, mkate ukaanguka, na upande wa jemu ukaenda kwenye zulia langu. Sijamsamehe hilo. Alipopata pumzi akanishika mkono. "Rudia mara moja. Muulize na sharubati yangu ya jana kainywa nani."

Nikakataa. Kazi ni kazi. Akaingia, akafunga mlango. Nikasikia sauti yake, ya kweli sasa, wala haikuvuta hata kidogo. Nikasikia ya mzee, ndogo. "Nilitaka vikauke kwanza. Nilitaka kuvirudisha vikiwa vikavu. Kisha saa zikapita, Zuhura, na mimi nilishasema wezi, nilishasema mbele ya watu..."

Wakati wa kuondoka basi, viatu vilikuwa mlangoni kwa Raya, vimefungwa kwenye taulo. Bi Zuhura akasema, "Vimeonekana," na hakuna aliyethubutu kumuuliza wapi. Kocha alivibusu. Vimetoka chooni, mie najua, Raya anajua, na Kocha anabusu. Nikatazama kando.

Na Mheshimiwa? Kasimama pale ukumbini, jasho kichwani, kakohoa. "Kwa niaba ya ujumbe wangu. Baada ya sisi kuwabana wahusika, wamevirudisha. Tunasamehe."

Wanjiru akavuta pumzi ya kumeza mtu. Nikamkanyaga mguu. "Sori, sa," nikasema. Raya alikuwa anapita mlangoni, kajikunja kama kawaida yake. Alipofika kwangu akajinyoosha. Mara moja tu. Nikaona urefu wake wote. Kisha akapanda basi.

Uwanjani sikwenda, nilikuwa na ghorofa nzima ya mashuka. Kocha ndiye aliyenisimulia jioni, maana kwa furaha alikuwa anamsimulia kila mtu, hata Keti asiyejua lugha. Kaigiza yote pale kwenye ngazi. Mara ya kwanza, kiatu cha kushoto kinatoa maji, kateleza, kakanyaga nje, bendera nyekundu. Mara ya pili kaogopa, tufe limeanguka karibu kama nazi. Mara ya tatu kamtazama Kocha, kazunguka, kapiga ukelele, na lile chuma likaenda mahali ambapo mwanamke wa visiwa vile hajawahi kulipeleka. Medali hakupata, hata karibu hakufika. Wenye medali walikuwa wanatupa kama wanatupa limau. Lakini Kocha kalia tena, na Raya kaja nyuma yake na medali yake mwenyewe, yaani viatu vyake, kavivua kwenye basi, kavishika mkononi. Alitembea korido nzima miguu mitupu. Na chooni akaenda navyo mkononi.

Siku ya kuondoka, Mheshimiwa akampa Bwana Greg ngao ya mbao na hotuba. Bwana Greg akasema, "No wariz, meit." Wakawa wanatoka mmoja mmoja. Mheshimiwa alipofika usawa wangu, akainama kwa mkewe, kwa lugha yao: "Mkoba wako uko wapi? Lile zee liko hapa tena."

Bi Zuhura akageuka ukutani, kikohozi kimemshika.

Nikamwambia mzee, kwa adabu zote, mikono kifuani, kwa Kiswahili kinachonyooka, "Safari njema, Mheshimiwa. Na cha kushoto, nasikia kilikauka vizuri."

Alisimama. Alitazama kibandiko. Alimtazama mkewe. Alinitazama mie, na mie nikamtazama kwa macho ya kunguru hasa. Kisha yule mtu akaweka begi chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kipaza sauti kikamtoka kabisa.

"Mama. Ungetuambia tangu mwanzo kuwa u mtu wa kwetu."

"Usingesema uliyosema?"

Akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. "Ningesema," akajibu. "Lakini ningetoka nje kwanza."

Nikacheka, akacheka, kichwa kikang'aa. Akamwita Wanjiru, akamwambia kwa kizungu, "Binti, nilikosea." Wanjiru akamwambia ni sawa, mzee. Kisha mzee alipopanda basi, Wanjiru akaniuliza mie amemsamehe kwa kosa gani hasa. Si nilikuwa sijakwambia, Wanjiru? Leo ndiyo umejua. Usikasirike, niliapa. Raya mwenyewe ndiye aliyenifungulia kiapo, mwaka juzi, kapiga simu ya picha, kaolewa, ana mtoto, mtoto ana miguu!

Wiki ile ile nilikwenda Bankstown, nikanunua kandambili kubwa kuliko zote dukani, nyekundu, mwenye duka akadhani ni pambo. Nikaziweka ukutani, katikati ya milango miwili ya vyoo, chini. Tangu siku hiyo hakuna kiatu kilichopotea. Bwana Greg alizitupa mara mbili, nikazitoa kwenye pipa mara mbili. Ninyi mnaobaki, nasema kwa mara ya mwisho: zile si uchafu, wala hazijasahauliwa na mtu. Zina kazi pale. Zisafisheni kila Alhamisi, zikauke kabla ya Ijumaa, na ziwekwe pua zikiangalia ukuta.

Mengine mtajifunza wenyewe. Hodi kwa ufunguo. Mopu isitiririke. Macho chini.

Juzi nilipokuja kurudisha ufunguo nikapita pale kuzitazama. Zipo. Lakini ya kushoto ilikuwa imelowa, ina povu la sabuni ya sakafu, na hosteli nzima haikuwa na mgeni hata mmoja, na mwenye zamu ya mopu alikuwa mmoja tu.

Wanjiru. Mbona umeacha kuandika?